Mkono Usio Mkuu

Misigiri, Iramba
12 Machi 2024

Dada Martha,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako vimeshagombana, na ujumbe wa simu najua unasomewa na wajukuu kwa sauti ya kutangaza msiba. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Ataiacha Singida mjini, na Mselemu ataichukua pamoja na mizigo ya duka lake hadi huko Mtinko. Ukiiona imelainika ujue imesafiri na magunia.

Huku hatujambo. Mvua haikutunyima, alizeti imesimama vizuri na mtama unapendeza mpaka ndege wamepata habari. Cecilia anakusalimu. Anasema yule jogoo uliyetupa ni mkorofi kama aliyemtoa. Mgongo wa shemeji Gabrieli unaendeleaje? Na mjukuu wako Belinda?

Sasa lililonikalisha chini. Majibu ya bodi ya madaktari yametoka. Nikueleze wanavyofanya, maana hata mimi nilikuwa sijui. Wana jedwali ambalo kila kidole kina namba yake. Gumba ndiye bwana mkubwa, cha shahada kinafuata, halafu cha kati, na kuendelea. Wanajumlisha. Kisha wanauliza kama mkono wenyewe ndio mtu anaoutumia kufanyia kazi. Ukiwa ndio, asilimia ya ulemavu inapanda. Ukiwa sio, inashuka. Mimi sina cha shahada, sina cha kati, na cha pete kimebaki nusu, vyote mkono wa kushoto. Wameandika hivi: "Mkono usio mkuu. Asilimia kumi na nne." Chini ya ishirini jeraha linahesabiwa dogo, faili linafungwa, hakuna fidia wala matibabu. Miaka ishirini na moja jeshini, dada, halafu mkono wangu unaambiwa si mkuu!

Na kosa nimelichangia mwenyewe. Walikuwa watatu mezani, mwenyekiti ni daktari mzee mwenye mvi kama za marehemu baba. Akaniuliza, "Sajenti, unatumia mkono gani?" Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikasimama wima nikajibu, "Wa kulia, mzee." Unajua kwa nini. Nilivyolelewa mimi, ningemwambiaje mzee kama yule kwamba ni mtu wa kushoto? Ulimi ulijibu kabla yangu. Hata fomu ya kujiunga na jeshi, mwaka ule, niliijaza hivyohivyo.

Karani akanipa kalamu nitie saini kwamba nimeridhika. Nikaandika SIKUBALI kwa herufi kubwa pale pa saini. Akasema nimeiharibu fomu. Nikamwambia fomu ndiyo iliyoanza.

Nina muda hadi mwisho wa Septemba kukata rufaa. Wanataka maelezo ya mtu aliyenilea kabla ya jeshi, aseme nilizaliwa nikitumia mkono upi. Niliosoma nao wote wananikumbuka nikiandika kwa kulia, hawanifai. Mama alitutoka nikiwa na miaka mitatu, bibi naye hayupo. Umebaki wewe. Waandikie tu kwamba bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka nikauzoea wa kulia. Ukurasa mmoja, na mhuri wa mtendaji wa kijiji.

Mdogo wako,
Chediel

*

Mtinko
16 Aprili 2024

Mdogo wangu Chediel,

Marahaba. Barua yako ilikaa dukani kwa Mselemu siku kumi na mbili imelaliwa na katoni ya sabuni, kwa hiyo usiseme nimekudharau. Inanukia vizuri kuliko ilivyoandikwa.

Pasaka tuliila salama. Gabrieli mgongo umemwachia kidogo, sasa analalamikia goti. Kuku wanataga, namshukuru Mungu, ila mwewe ameshajua njia ya hapa kwangu. Mwambie Cecilia jogoo mpole ni wa kuchinjwa tu. Belinda ametimiza miaka minne na anaongea kutwa nzima kama redio ya jirani. Anakula mwenyewe, tatizo ni kwamba kijiko anakishika kwa kushoto. Namrekebisha taratibu.

Habari ya bodi imeniuma. Lakini Chediel, wewe tangu mdogo ukigongana na ukuta unataka ukuta uombe radhi. Kumi na nne si sifuri. Umerudi mzima, una mke, una shamba. Wangapi hawakurudi?

Hayo ya kitambaa tuyaache. Bibi amelala, tusimwamshe kwa mihuri. Unataka nikae mbele ya mtendaji wa kijiji, kijana niliyemwona akizaliwa, nimwambie kwetu tulikuwa tunafunga watoto mikono? Jioni yake habari ingekuwa imeshafika mnadani.

Na mimi nikuulize. Kwa nini usiwaambie ulivyoumia? Tangu urudi unasema "ajali kazini", basi. Mimi niliyekubeba mgongoni sijui vidole vyako vilikwenda wapi. Pengine humo ndimo kuna dawa ya kesi yako.

Uji wa uwele unywe, usije ukakonda kwa hasira.

Dada yako,
Martha

*

Misigiri
5 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Sote wazima, alizeti tumeanza kukata. Nasema "tumeanza" kwa heshima, maana anayekata ni Cecilia. Mimi nabeba.

Nilivyoumia siwaambii. Si wao, si wewe. Yamo kwenye ripoti na ripoti imefungwa. Usiniulize tena, tafadhali.

Umesema kumi na nne si sifuri. Nikuambie kumi na nne inavyokaa hapa nyumbani. Unakumbuka nilisema nikistaafu nitakuwa seremala? Randa nimenunua, msumeno nimenunua, vimelala chini ya kitanda. Mkono wa kulia unajua kalamu, unajua kijiko, unajua kupiga saluti. Ndivyo ulivyofundishwa, na vingine haujui. Kazi ya nguvu, kazi ya shabaha, tangu zamani naifanya kwa kushoto nikiwa peke yangu, pasipo mtu wa kunisema. Juzi nilijaribu kupigilia msumari kwa kulia. Nilipiga gumba, yaani hilo walilolipa namba kubwa kwenye jedwali lao!

Nilikwenda Kiomboi kuulizia rufaa. Mtu mmoja mstaarabu kabisa akaniambia, "Sajenti, ungesaini tu, ukapumzike." Nimechoka kuambiwa nipumzike. Sikuomba huruma ya mtu. Nataka waandike mkono wangu kwa jina lake. Wakishaandika kwamba huu ndio uliokuwa unafanya kazi, hata wakinipa asilimia moja nitakunja karatasi nirudi nyumbani. Lakini uongo sitii saini, wakisubiri watasubiri.

Nakuomba mara ya pili. Kama ni aibu ya bibi, bibi angekuwa hai ningemwomba yeye, na nadhani angekubali.

Chediel

*

Misigiri
22 Julai 2024

Dada Martha, shikamoo.

Natumaini mnaendelea vizuri. Mselemu amesema barua yangu ya Mei uliichukua mwenyewe, tena ulisimama palepale dukani ukaisoma. Ni wiki kumi na moja sasa. Kama jibu ni hapana, andika hapana. Jeshini nimeshazoea majibu mafupi.

Chediel

*

Mtinko
14 Agosti 2024

Chediel mdogo wangu,

Marahaba. Sitauliza habari za mavuno wala sitakupa zangu, maana nikianza na kuku nitamaliza na kuku, kama nilivyofanya barua tatu nilizoandika nikazitia jikoni.

Ulisema bibi angekubali. Hiyo ndiyo sentensi niliyoisoma pale dukani mpaka Mselemu akaniletea kigoda. Ni kweli angekubali, kwa sababu hakuwa bibi. Ni mimi.

Bibi alisema niache. Alisema mtoto huja na mkono wake na asiguswe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mama ametoka kuzikwa, na watu walikuwa wanakuja kutuangalia kama tutaweza kukulea. Ukampokea mama mchungaji kikombe kwa kushoto. Nikaona macho yao. Usiku ule nilichana khanga ya mama, ile ya maua mekundu, nikakufunga mkono kiunoni, na asubuhi nikakufunga tena. Miaka miwili. Ulikuwa unalia, ukimwita bibi akufungue, na bibi akija nilikuwa namwambia huyu ni mtoto wangu sasa. Ulipokua ukauliza, nikasema bibi ndiye alitaka. Alikuwa ameshakufa, asingebisha. Miaka thelathini nimemtwisha bibi wa watu kosa langu, na katika ukoo nimesifiwa kwa kukunyoosha. Naona haya, Chediel. Nakuomba unisamehe, na usiponisamehe pia nitaelewa.

Na haikusaidia kitu, hilo ndilo linaniuma zaidi. Nilikuwa nikikurushia pera kutoka mtini, ukiwa na miaka kumi, umeshanyooka, unaandika kwa kulia, pera ulilidaka kwa kushoto. Kila mara. Nilikuwa naona na nakaa kimya.

Nimekwenda kwa mtendaji. Nimeandika yote, kurasa mbili, na jina langu nimeliweka pale ulipotaka niweke la bibi. Kijana alisoma akanitazama. Nikamwambia piga mhuri, macho utayatoa baadaye. Karatasi iko humu ndani.

Jana Belinda alichukua kijiko kwa kushoto. Mkono wangu ulikuwa umeshafika njiani kumshika. Nikaurudisha, nikaukalia.

Martha

*

Misigiri
30 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo.

Barua yako imefika siku ya nne, nadhani Mselemu aliogopa kukaa nayo. Nilikasirika. Sitakudanganya. Nilikwenda kisimani bila ndoo, nikarudi. Miaka yote hii nimemnunia bibi wangu, sikuwahi hata kupalilia kaburi lake, na kumbe alikuwa upande wangu! Hilo litanichukua muda. Lakini kalamu uliyoshika mbele ya yule kijana najua ilivyokuwa nzito, na kukusamehe nimeanza. Nikimaliza nitakuambia.

Umesema lako, basi na mimi niseme langu, lakini likae kwako. Tulikuwa tunalipua mabomu mabovu, kazi ya kawaida. Kuna kilipuzi kidogo, si kikubwa kuliko betri ya tochi, kinachoamsha baruti, na kinawashwa kwa utambi. Kwenye ripoti imeandikwa nilikuwa nimekishika mimi. Hapana. Alikishika Godfrey, yule aliyekuja kwenye harusi yangu akacheza mpaka viatu vikapasuka. Utambi aliukata mfupi. Akawasha, akauona ulivyo mfupi, akaganda. Nikampokonya nirushe. Sikuchagua mkono, dada. Hakukuwa na nafasi ya adabu. Unajua ni upi uliokwenda.

Kwenye ripoti nikasema nilikuwa nacho mimi, maana kukata utambi mfupi ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na Godfrey amebakiza mwaka na nusu astaafu. Sitamtoa. Bodi ikitaka kunipa mia kwa mia kwa kumtaja Godfrey, wabaki nayo.

Karatasi yako wameipokea. Wakasema maelezo ya ndugu peke yake hayatoshi, shahidi aje ahojiwe. Ni Jumanne, tarehe 24 Septemba, saa tatu asubuhi, Singida mjini. Nimewaambia husikii vizuri. Wamesema watapaza sauti. Si lazima uje.

Chediel

*

Mtinko
10 Septemba 2024

Chediel,

Marahaba. Nitakuja. Gabrieli anasema nisije, kwa hiyo ameshajua kwamba nakuja.

La Godfrey nimelizika. Lakini nimelala nalo siku tatu, na nimepata wazo ambalo halimtaji mtu. Sikuambii, maana ukijua litaharibika. Wewe ukiitwa ingia tu, usisimame kijeshi.

Namletea Cecilia mayai, kikapu kizima. Usianze kusema mjini mayai yapo.

Dada yako

*

Misigiri
2 Novemba 2024

Dada Martha,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa shemeji. Usishangae mwandiko. Soma polepole, na mimi naandika polepole.

Mvua za kwanza zimegusa. Cecilia mzima. Mayai yalifika yote isipokuwa lile moja.

Najua ulikuwepo, lakini siku ile tuliagana stendi mbiombio, na mle ndani ulikuwa unanitazama mimi, hukuwaona wao. Nikusimulie ulichokikosa. Nilikuwa nje kwenye benchi, nakusikia unavyojibu mpaka barabarani, maana wao walikuwa wanapaza sauti na wewe ukadhani wanakugombeza. Nilisikia, "Mama, una uthibitisho gani?" Nikasikia wewe, "Mwiteni!" Nikaingia. Nilikuwa bado nautafuta uso wa mwenyekiti nimsalimie, mara nasikia, "Chediel, shika!" na kitu cheupe kinanijia.

Nilidaka. Mkono ulikwenda wenyewe, wa kushoto, juu, mahali sahihi kabisa, kama kwenye lile pera. Yai lilifika kiganjani. Halafu vidole vya kulifunga havikuwepo. Likapita pale penye nafasi likaanguka, likapasuka miguuni kwangu, na ute ukarukia faili.

Wewe ulikuwa unalia. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa nawaangalia. Yule karani aliyenipa kalamu mwezi wa tatu aliinuka kutafuta kitambaa, kisha akakaa bila kitambaa. Daktari mwanamke aliyekuwa kushoto alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti, yule mzee, alivua miwani. Halafu akaniuliza lile swali la mwanzo, neno kwa neno: "Sajenti, unatumia mkono gani?"

Na mimi, dada, mbele ya mvi zile, nikasema, "Wa kushoto, mzee. Tangu nizaliwe." Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti maishani. Mzee akaitika tu, "Haya," akaandika.

Karatasi imefika juzi. "Mkono mkuu: kushoto. Asilimia ishirini na sita." Nimesaini. Karani aliniambia mara hii nisiandike maneno, nikamwambia mara hii hakuna haja.

Nimemaliza ile kazi niliyokuambia nimeianza. Nilikwenda pia kaburini kwa bibi, nikapalilia, nikamweleza yote. Wewe ukija tutakwenda pamoja, nawe umwambie la kwako.

Barua hii nimeiandika kwa kushoto. Gumba, kidole cha mwisho na ile nusu. Imenichukua siku nne na mafuta ya taa ya watu, kwa kuwa umeme ulikatika, na herufi zimelewa kama unavyoziona, lakini ni zangu. Chini ya kitanda hakuna tena kitu. Randa iko nje, Cecilia anashika ubao, mimi nasukuma. Tumetengeneza kigoda kimoja, kimepinda. Ni cha Belinda.

Krismasi mlete. Akifika mlangoni usimkumbushe mkono wa kusalimia. Mwache atoe autakao. Akitoa wa kushoto, nitaupokea kwa wangu.

Mdogo wako,
Chediel